Waulize Mafundi: Redio ya Karafuu, Friji ya Mafuta ya Taa na Kanda za Harusi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka majumbani na zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: chombo fulani kiliingia lini kwetu, na leo kifanywe nini? Tumechagua saba. Wanajibu mafundi wetu wa redio, TV, friji na kanda.

Assalamu alaykum. Kwetu Kikwajuni kila Idi kuna mabishano. Bibi anasema TV yetu ya mwanzo ilikuja wakati wa matangazo ya rangi, bara hawana TV hata moja. Ammi anasema yeye aliiangalia kwa macho yake na ilikuwa nyeusi na nyeupe. TV bado ipo stoo, haiwaki. Nani mkweli?
*Mjukuu, Kikwajuni*

Wa alaykum salaam. Wote wawili wakweli, usiwagombanishe.

Televisheni Zanzibar ilianza kurusha mwaka 1973, na ilianza na rangi moja kwa moja. Wazo lilikuwa la Mzee Karume. Aliuawa Aprili 1972 kabla hajaiona, ikaanza chini ya Mzee Aboud Jumbe. Kenya walikuwa na TV tangu 1962, lakini ya nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini walianza rasmi 1976. Tanzania Bara walingoja mpaka 1994, kituo cha kwanza cha binafsi kilipofunguliwa. Hapo bibi ameshinda.

Lakini kituo kurusha rangi si sawa na nyumba kupata rangi. Mfumo wa PAL, yaani ule wa kurusha picha za rangi, unapeleka vitu viwili pamoja: picha ya mwanga na giza, na juu yake habari za rangi. TV ya nyeusi na nyeupe inachukua ule mwanga na giza tu, rangi inaiacha ipite. Basi mtu aliyenunua TV ya bei nafuu alitazama matangazo yale yale kwa rangi ya kijivu. Ammi naye yuko sawa.

Mkitaka ushahidi, itazameni TV yenyewe. Ya rangi ina kitasa cha tatu zaidi ya kile cha mwanga na kile cha ukali wa picha: cha kuongeza na kupunguza rangi. Nyuma soma kibandiko. Kikisema "Made in West Germany" basi haikutengenezwa baada ya 1990, kwa sababu baada ya hapo Ujerumani ikawa moja. Ikiwa ina matundu mviringo ya kuingizia picha na sauti kutoka kwenye video, mara nyingi hiyo ni ya miaka ya 1980 kwenda mbele, na hapo itabidi mkubali kwamba ile ya mwanzo ilishauzwa na hii ni ya pili. Jambo hili hutokea sana: nyumba ilipita TV mbili, kumbukumbu ikazifanya moja.

Tarehe iliyo karibu zaidi na ukweli iko ndani. Kapasita (vipande vidogo vinavyohifadhi umeme) na vipande vingi vya elektroniki hupigwa muhuri wa tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za wiki. 7532 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 1975. Chukua namba iliyo kubwa kuliko zote kwenye sehemu ambazo hazijabadilishwa. TV haiwezi kuwa na umri zaidi ya huo. Hapa lakini tunakusihi: usiifungue mwenyewe. Kioo cha TV ya rangi hufanya kazi kwa volti 20,000 hadi 25,000, na kioo chenyewe hubaki kimehifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa siku nyingi. Fundi anautoa kwanza kwa bisibisi iliyofungwa waya uliounganishwa na ardhi ya chasisi, yaani fremu ya chuma ya ndani, akiipenyeza chini ya ile kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa kioo, mkono wake wa pili ukiwa mfukoni. Mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo aache.

Na hata ikiwaka, eriali haitamletea bibi picha. Dar es Salaam matangazo ya analojia, yale ya zamani ya eriali, yalizimwa 31 Desemba 2012 na Zanzibar ikafuata. Utahitaji king'amuzi, na kama TV haina matundu ya video, utahitaji pia kiboksi kidogo kinachogeuza picha ya king'amuzi kuwa chaneli ya eriali. Picha ikija safi lakini sauti ikawa mvumo mtupu, TV haijafa. Nchi nyingi za Ulaya zilipanga sauti megahezi 5.5 juu ya picha, Uingereza 6.0. TV ya upande mmoja haisikii sauti ya upande wa pili. Kiboksi kikiwa na swichi ya kuchagua, ibadilishe uone.

Nataka kuandika historia ya vyombo vya nyumbani kwetu kabla bibi yangu hajaondoka duniani. Nikimuuliza mwaka, ananiambia "zamani mwanangu, we hujazaliwa." Nimuulizeje?
*Mwanafunzi wa chuo, Mombasa ya Unguja*

Acha kabisa kuuliza mwaka. Watu wazima wetu hawakuishi kwa kalenda ya ukutani. Waliishi kwa misimu, vizazi na mambo makubwa. Muulize: Mapinduzi yalikuwa yameshafanyika? Nani alikuwa mchanga, nani alikuwa anakwenda skuli? Ilikuwa baada ya mavuno ya karafuu? Yaliyokuwa mengi au yale mabaya?

Halafu uliza mambo ya mkono na macho, kwa sababu hayo yanatoa tarehe bila bibi kujua. Redio ilikuwa inakaa juu ya nini? Ilitumia mawe mangapi? Akikwambia mawe manne makubwa ya tochi, hiyo ni redio ya transista, na hapo uko karibu na 1960 au baadaye. Akikwambia "lilikuwa boksi moja zito kama tofali, likiisha linaagizwa mjini," hiyo ni redio ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyongoja kupata moto, ya miaka ya 1950. Akisema iliwashwa, ikangojewa kidogo ndipo ikasema, hiyo pia ni valvu: transista haingoji.

Tarehe za kupigilia misumari ni hizi. Sauti ya Unguja ilianza 1951. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 27 Juni 1957. Shilingi ya Afrika Mashariki ilibadilishwa na ya Tanzania mwaka 1966. Ukiona risiti ya zamani sandukuni, tazama ni fedha gani. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kabla ya hapo umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na hapo ndipo video, redio kaseti na friji za Dubai zilipoanza kujaa Darajani. Bibi akisema redio kaseti yenye spika mbili ililetwa na mjomba kutoka Dubai, anza kutafuta baada ya 1984, si kabla. Pemba kumbuka 2010, waya wa bahari kutoka Tanga. Unguja kuna giza mbili zisizosahaulika: mwezi mmoja wa Mei na Juni 2008, na miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mtu anayesema "friji yetu iliharibika wakati wa giza," muulize: giza lile fupi au lile la miezi mitatu?

Jihadhari na kitu kimoja. "Redio yetu ya kwanza" mara nyingi ni redio ya jirani. Watu waliisikiliza barazani kwake miaka mitano, ikawa yao kwa masikio. Uliza: nani alikuwa na ruhusa ya kugusa kitasa? Jibu lake litakuonyesha mwenye redio.

Rekodi kwa simu, na iache iendelee kurekodi wakati bibi anaposhika chombo chenyewe. Mtu akishika kitasa mkono wake unakumbuka kabla ya ulimi.

Babu alinunua redio baada ya kuuza karafuu, Wete. Sasa nimeirithi. Nikiweka betri mpya inavuma kidogo tu, haishiki stesheni hata moja. Imekufa?
*Mrithi, Wete*

Kabla ya kuiita maiti, tazama kioo chake cha stesheni. Kama kimeandikwa MW na SW tu, redio hiyo haina FM, na stesheni nyingi unazozijua leo ziko FM. Inaweza kuwa nzima kabisa na ikavuma tu. Ijaribu usiku kwenye SW, nje ya nyumba, mbali na taa za LED na chaja za simu. Chaja mbovu inatoa mvumo unaofunika MW yote.

Ikiwa kweli ni mbovu, fuata hivi. Toa betri zote. Chunguza chemba ya betri. Unga mweupe au kijani kwenye springi ni uvujaji wa betri za miaka iliyopita. Betri za kawaida za bei nafuu huvuja asidi kidogo, osha kwa maji yenye magadi ya soda kwenye pamba. Betri za alkali huvuja kinyume chake, hizo tumia siki. Usichanganye vyote viwili kwa pamoja kwa kubahatisha. Vinauana vyenyewe na uchafu unabaki. Futa kwa kitambaa kibichi, kausha siku nzima, kisha sugua springi kwa msasa laini mpaka chuma kiangaze.

Halafu pima umeme inaoula. Unganisha mita ya miliampia kati ya betri na redio, sauti ukiwa umeizima hadi mwisho. Redio ndogo ya transista iliyo nzima hula kama miliampia 10 hadi 20. Ikila mia au zaidi, zima mara moja, kuna kitu kimeshikana ndani. Ikila sawasawa lakini sauti ni ndogo au inasema "put-put-put" kama boti, kapasita kubwa za ndani zimekauka. Badilisha zote za aina hiyo kwa pamoja, ukizingatia upande wa alama ya kutoa. Si kazi ya fedha nyingi.

Redio za Ulaya za miaka ya 1960 zina ugonjwa wao. Ndani kuna transista za kichupa cha chuma zenye miguu minne, zimeandikwa AF114, AF115, AF116 au AF117. Ndani ya kile kichupa huota nywele nyembamba za bati, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zikagusa ukuta na kuua redio. Mguu wa nne ni wa ngao tu. Ukate, na mara nyingi redio inaamka papo hapo. Ni tiba ya mkasi mmoja, na redio ya karafuu inastahili kujaribiwa kabla ya kutupwa.

Kama redio yako ni ya valvu na inatumia umeme wa ukutani, sheria ni nyingine. Usiichomeke moja kwa moja baada ya kulala miaka thelathini. Kapasita zake za karatasi zinavuja na zitaunguza vingine. Fundi ataiunganisha kwanza na balbu ya wati 60, ya ule mtindo wa waya unaowaka, iliyokaa kwenye njia ya umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na isipunguke, kuna hitilafu, na redio haijaungua. Na baadhi ya redio hizo hazina transfoma, chasisi yake imeunganishwa moja kwa moja na waya wa umeme: ukigusa skrubu ya kitasa kilichokwanyuka, umegusa umeme wa nyumba. Hakikisha vitasa vyote vipo kabla ya kuiwasha, na watoto wasiwe karibu.

Babu alikuwa na duka Mkokotoni, na friji ya mafuta ya taa. Tunaambiwa kila mwaka alikuwa anaipindua kichwa chini, miguu juu, halafu inarudi kugandisha malai. Kweli au hadithi? Na tunaweza kuiwasha tena?
*Ndugu watatu, Mkokotoni*

Kweli tupu, na ina sababu yake.

Friji hiyo haina mota wala kitu chochote kinachozunguka. Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikaiuza dunia nzima. Ndani ya mabomba yaliyofungwa kuna amonia, maji na hidrojeni. Moto wa utambi unachemsha amonia itoke kwenye maji. Inapanda, inapoa nyuma ya friji na kuwa kimiminika, inashuka ndani ya chumba cha baridi, hapo inakutana na hidrojeni na kugeuka mvuke, na kule kugeuka ndiko kunakonyonya joto. Kisha inarudi kwenye maji, na safari inaanza upya. Kila kitu kinashuka kwa uzito wake tu. Hii ndiyo maana friji ya mafuta inakataa kazi ikikaa upande: kimiminika kinajikusanya pembeni, chungu cha moto kinakauka, na baridi inasimama.

Ikikaukiwa na kuchemka kupita kiasi, mzunguko unaziba. Kuipindua kunachanganya upya kilichojitenga na kurudisha kimiminika mahali pake. Hufanywa hivi: zima, toa tangi la mafuta na utambi, iache ipoe kabisa, ipindue juu ya godoro, iache masaa kadhaa au usiku mmoja, isimamishe, iache tena muda kama ule, ndipo iwashwe. Mara nyingine inasaidia, mara nyingine haisaidii. Babu alikuwa anafanya jambo la busara.

Kuhusu kuiwasha leo, anzeni kwa pua na macho kabla ya kiberiti. Nyuma ya friji, chini karibu na bomba la moto, tafuteni unga au madoa ya njano, na harufu kali ya amonia inayochoma macho. Mkiona au kunusa kimojawapo, mabomba yamevuja. Isiguswe, isichomelewe, isiwashwe. Ule unga wa njano ni kromati, dawa iliyowekwa kuzuia kutu ndani, na ni sumu. Ipelekeni nje penye hewa, mvae glavu, na ibaki pambo la kihistoria mbali na jikoni.

Kama mabomba mazima, kazi iliyobaki ni ya subira. Chomoeni bomba la moshi. Ndani yake lazima kuwe na bamba la chuma lililosokotwa kama skrubu. Kazi yake ni kuuzungusha moshi wa moto ugusane na ukuta wa bomba. Likikosekana, joto linapanda na kutoka juu, na friji haigandishi hata ukiongeza moto. Wengi wamelipoteza hilo bamba wakati wa kusafisha, na lawama zikaenda kwa mafuta. Sugueni masizi kwa brashi ndefu. Utambi ukatwe bapa, ukingo wake uwe sawa kama umepigwa rula, usiwe na nyuzi zilizochomoza. Tangi lioshwe kwa mafuta safi ya taa, hata tone la maji lisibaki, maana maji yanakaa chini na kufanya moto urukeruke.

Pimeni usawa kwa pima maji ndani ya chumba cha barafu, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Wekeni vipande vya mbao chini ya miguu mpaka kiputo kikae katikati. Moto uwe wa buluu, mviringo, mfupi, usiogusa ukuta wa bomba. Ukigeuka njano, punguzeni utambi, maana njano ni masizi, masizi ni kuziba, na kuziba kunazaa moshi wa hatari ndani ya chumba. Chumba kiwe na dirisha wazi siku zote, na lita moja ya mafuta kwa siku ni makisio mazuri, kidogo zaidi kwa friji kubwa. Baridi haiji kwa saa moja. Ngojeni siku nzima kabla ya kutia nyama, na msiifungue fungue mchana. Hizi friji zilishika barafu kwenye jua la kaskazini kwa sababu wenye duka walijua kufunga mlango.

Nina kanda saba za video za harusi ya dada yangu. Zimeota ukungu mweupe. Mtu wa studio anasema nimpe zote atazitia kwenye flashi. Nikubali?
*Dada mdogo, Kiembesamaki*

Usimpe bado. Kwanza kwa sababu ya ukungu, pili kwa sababu ya kilichorekodiwa.

Ukungu unaupenda unyevu wa pwani, na nyumba zetu za chokaa hutoka jasho wakati wa masika. Ukitia kanda yenye ukungu kwenye mashine, kichwa cha video kinaubeba na kuuambukiza kanda nyingine zote, za watu wengine pia. Studio isiyofungua kanda kwanza haistahili kupewa hata moja.

Kazi inayofaa ni hii. Weka kanda kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vifuko vya chembe za kukausha, vile vinavyokuja na viatu, siku mbili hadi tatu. Fungua kasha: kanda ya VHS ina skrubu tano chini. Usinyanyue kifuniko kwa nguvu, piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, maana kuna springi ndogo na vipande vya mwongozo ambavyo hurukia sakafuni. Toa vigurudumu viwili kwa uangalifu, futa ubapa wake kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya buluu ya kuwashia jiko usitumie, ina maji na rangi. Usitie kimiminika kwenye mkanda wenyewe. Uguse ukingo tu, uache ukauke. Kazi ifanyike nje au penye hewa, na barakoa mdomoni.

Kanda ikirudishwa kasha lake, ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa nyuma mara moja bila kuicheza, mashine ile iliyotengwa kwa kazi chafu. Kisha safisha kichwa: karatasi ngumu iliyoloweshwa alkoholi, ishike imetulia kwenye ngoma, zungusha ngoma kwa kidole. Usisugue juu na chini hata mara moja, vijino vya kichwa vinakatika. Ukiona mistari ya theluji kwenye picha, rekebisha kitufe cha kufuatilia mkanda kabla ya kulaumu kanda.

Kuhamishia kwenye kompyuta: waya wa mviringo wa njano na ule wa sauti, kutoka kwenye video hadi kwenye kifaa kidogo cha USB cha kunasa picha. Chagua PAL. Kanda ikicheza kwa nyeusi na nyeupe au inaruka, pengine ilirekodiwa kwa NTSC, ya Marekani. Kanda ya E-180 ina dakika 180, na kwa ubora mzuri hesabu kama gigabaiti nne kwa saa, basi kanda moja ni kama gigabaiti kumi na mbili. Weka nakala mbili, sehemu mbili.

Sasa la pili. Harusi zetu zina upande wa wanawake: singo, kupamba, bibi harusi na nywele wazi. Kanda ile ilichukuliwa kwa macho ya wanawake waliokuwa ukumbini, na wengine wao hawakuulizwa na wengine wamefariki. Kazi ifanywe na mwanamke, nyumbani kwenu au mbele yako, na kabla ya kuondoka usimamie faili lifutwe kwenye kompyuta yake na kwenye pipa la takataka. Hilo uliseme kabla ya kukubaliana bei, siyo baadaye.

Cherehani ya bibi ni Singer nyeusi ya mkono. Ina umri gani?
*Fatma, Chake Chake*

Tafuta namba iliyogongwa kwenye bati upande wa kulia, chini ya mkono wa mashine. Ikianza na herufi Y moja na ilitengenezwa Clydebank, Uskochi, ni ya takriban 1922 hadi 1935. Ikianza na E na herufi ya pili, kama EA au EC, ni ya baada ya hapo. Ipake mafuta ya cherehani peke yake. Mafuta ya nazi na ya kupikia huganda na kunata, na cherehani ikiwa nzito kuzunguka, mara nyingi kuna mtu aliyeipa mafuta ya nazi. Tone moja kila tundu, zungusha, futa, tone lingine kesho.

Na kinanda cha santuri cha babu? Tuna sahani kumi, moja imeandikwa kwa Kiswahili, tunadhani ni Siti binti Saad. Tunaicheza vipi bila kuiharibu?
*Wakazi wa nyumba ya Mkunazini*

Siti alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake ndizo zilizoipa taarab masikio nje ya Unguja. Hizi ni sahani za mizunguko 78 kwa dakika, kama dakika tatu upande mmoja, zimetengenezwa kwa lakri. Zinavunjika kama sahani ya chai.

Kuzisafisha: maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni, kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mifereji, karatasi ya katikati isilowe. Alkoholi ile ile inayosafisha kanda za video inayeyusha lakri. Mtu mmoja akizichanganya dawa hizi mbili anapoteza sahani isiyopatikana tena.

Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu. Ukigeuza sahani, badilisha sindano. Ikitumika mara ya pili ncha yake imeshakuwa patasi, nayo inakwangua mifereji. Msizitumie sindano za kinanda kwa sahani zozote za plastiki za baadaye, na sindano za baadaye msizitie kwenye kinanda.

Kabla ya kucheza, zungusheni mpini taratibu, kila upande wa sahani uzungushwe upya, na springi isiachwe imekazwa usiku. Sahani ikianza sawa na kupoa katikati ya wimbo, grisi ya springi imeganda. Ifunguliwe na fundi wa saa, kwa sababu springi iliyokazwa ikitoka kwa ghafla inakata vidole. Sauti ikitetemeka kama nyuki, pete ya mpira ndani ya kisemeo, kile kidude kinachoshika sindano na kutoa sauti, imekauka na kuwa ngumu, na pete mpya itaiondoa.